Kulwa na Doto Sio Filta: Soma Hii Kabla Hujakomenti "Mungu Nipe Mapacha"

Wadau, ile posti mnaijua. Staa anapotea mtandaoni wiki kadhaa, watu wanaanza kuulizana kulikoni, halafu siku moja picha inatua: gauni refu jeupe, mkono mmoja chini ya tumbo, mkono mwingine umenyoosha vidole viwili. Maneno machache tu chini yake, kwamba Mungu amejibu mara mbili. Saa moja haijaisha, laiki zinahesabika kwa maelfu na kwenye komenti ni wimbo ule ule. "Naipokea kwa imani." "Na kwangu ifike." "Mungu nipe Kulwa na Doto kwa mpigo nifunge kiwanda."

Majina kapuni, na wala sina ugomvi nao. Mastaa wa hivyo wapo Bongo, wapo Nairobi, wapo Kampala, wamepata baraka yao, acha watambe. Ninaowasema leo ni sisi tunaokomenti. Tumefika mahali mimba ya mapacha tunaiona kama ofa ya supamaketi, nunua moja pata moja bure. Na kati ya ile picha ya vidole viwili na ile ya watoto wawili wamevalishwa sare, kuna miezi mingi ambayo haipostiwi na mtu. Huku kwetu Moshi na kule juu mlimani, hiyo miezi ndo inayoamua nani anarudi nyumbani na nani harudi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mapacha ni baraka, lakini mimba ya mapacha ni mimba ya hatari na inataka mpango, sio maombi peke yake. Sasa tuongee.

Namba ambazo hazipati laiki

Dunia nzima, jozi takribani milioni 1.6 za mapacha huzaliwa kila mwaka. Yaani kwa kila watoto 42 wanaozaliwa, mmoja ni pacha. Na bara lenye kiwango cha juu kabisa cha mapacha ni hili letu. Kwa hiyo hapa hatuongelei jambo la watu wachache wenye hela zao.

Mwaka 2017 watafiti wawili, Christiaan Monden na Jeroen Smits, walichapisha kwenye jarida la The Lancet Global Health hesabu za nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa kipindi cha 2009 hadi 2014, kati ya kila mapacha 1,000 waliozaliwa hai, 213 hawakufikisha miaka mitano. Kwa watoto waliozaliwa mmoja mmoja, idadi ilikuwa karibu 73. Soma tena taratibu. Pacha mmoja kati ya watano.

Sasa njoo Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104. Hiyo ni kazi kubwa, tuwapigie makofi wakunga, manesi na madaktari. Lakini vifo vya watoto ndani ya mwezi wa kwanza? Vilitoka 25 kwa kila 1,000 hadi 24. Yaani karibu pale pale. Kinachowaua wengi ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi. Na mapacha ndo wanaoongoza kwa kuzaliwa njiti: zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Mbona bibi yangu alizaa mapacha nyumbani Uru, kwenye mgomba, na wote wana wajukuu?" Hongera kwa bibi. Lakini hadithi tunazosimuliwa ni za waliobaki. Waliokufa hawana komenti.

Kwanza, nani analeta mapacha?

Hapa lazima tuweke sawa, maana ndoa za watu zinapata msukosuko kwa sababu ya uongo. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika, na hilo hutokea lenyewe, halifuati sana ukoo. Wasiofanana hutokana na mayai mawili yaliyoachiwa mwezi mmoja. Mayai ni ya mama. Kwa hiyo ule utani wa kwenye vikao vya ukoo kwamba "damu yetu sisi ina mapacha, tunashangaa huyu mke katuletea mmoja mmoja" hauna kichwa wala miguu. Ukoo unaohusika ni wa mwanamke. Kaka, ukoo wako unaweza kuja kuonekana kwa binti yako, sio kwa mkeo.

Kinachoongeza uwezekano ni umri wa mama kupita miaka 35, kuwa amezaa mara nyingi, na dawa za uzazi. Na hapo kwenye dawa ndo penye moto.

Siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Instagram kuna watu wanauza "dozi ya mapacha". Wengine wanauza majani yasiyojulikana, wengine wanauza klomifeni, dawa halali kabisa ambayo daktari humpa mwanamke ambaye mayai yake hayatoki. Kati ya wanawake 100 wanaoshika mimba kwa dawa hiyo, takribani 7 hupata mapacha. Yaani 93 hivi wanapata mmoja, kama kawaida. Ila vifuko vya mayai vinaweza kuvimba na tumbo kujaa maji ukiitumia bila kusimamiwa. Dada unayenunua hiyo dozi kwa mtu mwenye picha ya wasifu ya ua jekundu, unalipia hatari ambayo hata wenye tatizo la kweli hupewa kwa vipimo.

Kinachotokea humo ndani

Mwili wa mama mwenye mapacha unabeba kazi ya mimba mbili kwa moyo mmoja na damu moja. Upungufu wa damu unakuja haraka zaidi. Presha ya mimba, ile inayoweza kugeuka kifafa cha mimba, inampata mara mbili hadi tatu zaidi ya mwenye mmoja. Kichwa kuuma kusikoisha, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya chembe ya moyo: hizo sio "dalili za mapacha", ni dalili za kukimbia hospitali leo, sio kesho. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye mimba ya zaidi ya mtoto mmoja wapewe asipirini ya kiwango kidogo kabla ya wiki ya 20 ili kupunguza hatari hiyo. Usijinunulie, muulize daktari wako. Lakini uulize.

Halafu kuna swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: watoto wana kondo moja au mawili? Ukiona watu wanashangilia kwamba ultrasaundi imeonyesha vichwa viwili, wewe uliza kondo. Wanaochangia kondo moja wanaweza kuwa na mishipa iliyoungana, mmoja akawa anamvuta mwenzake damu. Mmoja anadhoofika, mwingine anazidiwa, na wote wawili wako hatarini. Mama wa namna hiyo anatakiwa kupigwa ultrasaundi kila wiki mbili kuanzia kama wiki ya 16. Na jibu la kondo linaonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 11 na 14. Ukienda kliniki mara ya kwanza mimba ina miezi sita, umeshachelewa kulipata kwa uhakika.

Ndo maana kuanza kliniki mapema sio usumbufu wa manesi. Ni dirisha linalofungwa.

Ule wa pili

Tunawaita Kulwa na Doto, majina tuliyopewa na Wasukuma na Wanyamwezi hadi yakawa ya nchi nzima. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na baba anapandishwa cheo kuwa Ssalongo. Wajaluo wana Opiyo na Odongo. Kila lugha imempa wa pili jina lake. Ila chumba cha kujifungulia ndo kinampa wa pili mtihani wake.

Kulwa akishatoka, watu wanapumua. Pale ndo Doto anaanza safari ngumu. Nafasi imekuwa kubwa ghafla, anaweza kugeuka akalala kimkingamo. Kitovu kinaweza kutangulia. Kondo linaweza kuanza kubanduka akiwa bado ndani. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa kushika tumbo, mtu wa kusikiliza mapigo ya moyo, mtu wa kumpokea kila mtoto, na chumba cha upasuaji kilicho karibu. Mkunga mmoja peke yake usiku kwenye zahanati, hata awe hodari vipi, ana mikono miwili tu.

Na kuna hatari nyingine ambayo ultrasaundi moja inaizuia. Mtoto akishazaliwa, mama hupewa sindano ya kubana mfuko wa uzazi ili asivuje damu. Kabla ya kuichoma, mkunga lazima ahakikishe hakuna mtoto mwingine ndani. Kama mimba haikuwahi kupimwa na Doto hajulikani yupo, unaona hatari ilipo. Mtoto anakuwa mgeni kwenye kuzaliwa kwake mwenyewe.

Mama naye hajamaliza. Mfuko wa uzazi uliotanuka sana huchelewa kurudi, na damu inaweza kutoka nyingi kwa dakika chache. Ndo maana kuzaa mapacha mahali pasipo na damu ya kuongezea ni kamari.

Ila tusitishane hadi kila mtu akimbilie kisu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, wa wanawake karibu 2,800 katika nchi 25, ulionyesha kwamba mtoto wa kwanza akiwa ametanguliza kichwa, kupanga upasuaji hakukuwapa watoto usalama zaidi kuliko kupanga kujifungua kawaida mbele ya wataalamu. Jambo la msingi ni wataalamu kuwepo.

Sasa tupande mlimani

Moshi ni mji wenye bahati, tuseme ukweli. KCMC iko hapo chini ya mlima tangu mwaka 1971. Tangu mwaka 2000 ina rejista ya uzazi, iliyoanzishwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, ambamo wakunga huwahoji akina mama baada ya kujifungua na kuandika kila kitu. Rejista hiyo imezaa tafiti nyingi kuhusu njiti, uzito mdogo na vifo vya watoto wachanga. Mjini kuna Mawenzi. Juu kuna Kibosho, Machame, Kilema, Marangu, na Huruma kule Rombo. Mikoa mingi ingetamani ramani hii.

Tatizo ni kwamba mlima hauko kwenye ramani tu, uko kwenye miguu. Chukua mdada wa miaka 26 anayeishi Kirua Vunjo na kuuza mitumba Memorial. Kila siku anashuka na kupanda. Mwezi wa nne masika imekolea, njia ya kwenda kihambani ni utelezi, na uchungu wa mapacha haungoji wiki ya 40. Unamkuta wiki ya 33, saa tisa usiku. Usafiri uliopo ni bodaboda, na mwenye bodaboda mwenyewe anaogopa ule mteremko.

Hapo mimi nina hoja moja, na naomba mama wakwe wanisikilize. Wachaga tuna mfumo mzuri kuliko mingi wa kumlea mzazi. Mwanamke akijifungua, anakaa ndani miezi mitatu. Hapiki, halimi, hachoti maji. Mtori unapikwa, nyama inaletwa, mlaso kwa wanaotumia, mama mkwe au mama mzazi anahamia kabisa. Ni likizo ambayo wenzetu Ulaya wanaisoma kwenye vitabu. Kwa mimba ya mapacha, huo ulezi uanze KABLA. Wiki ya 28 mama mkwe awe ameshafika. Ndoo ya maji ibebwe na mtu mwingine. Mtori, maharage, mnafu, dagaa, maziwa na mayai vianze kuingia wakati watoto bado wanajengwa tumboni, pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu ambavyo wengi tunavificha chini ya godoro. Mbege isubiri, hata kama shangazi anasema inaleta maziwa.

Na kuanzia kama wiki ya 34, au mapema zaidi daktari akisema, mama ashuke akae karibu na hospitali. Hakuna ukoo wa Kichaga usio na ndugu Pasua, Majengo, Njoro au Soweto. Tunajua kupanga safari ya Desemba, magari yanatoka Dar kwa msafara, kila mtu anajua atalala wapi. Tushindwe kumpangia mtu mmoja kitanda cha wiki nne?

Namba ya kuhifadhi kwenye simu sasa hivi: 115. Ni mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na kupiga ni bure. Mhifadhie na mkeo, na jirani, na dereva wa boda.

Hela ya bebi shawa

Hapa nitachukiwa, sawa. Bebi shawa ya mapacha siku hizi ina maputo ya rangi mbili, keki ya ghorofa, mpiga picha na sare za marafiki. Sipingi sherehe. Napinga mpangilio. Kama kamati ina hela ya keki na haina hela ya ultrasaundi tatu, mafuta ya gari, na siku ambazo mama atakaa karibu na wodi ya watoto wachanga akikamua maziwa kila saa tatu, hiyo ni kamati ya picha. Njiti anaweza kukaa wodini wiki nyingi, na mama yake anakula, analala na kufua hapo hapo. Hiyo ndo harambee ya kweli.

Kazini nako mjue haki zenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akizaa zaidi ya mtoto mmoja zinakuwa 100. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mapema 2025 yameongeza muda kwa anayejifungua njiti. Lakini muuza mitumba wa Memorial, msusi wa Mbuyuni na mama wa ndizi wa Kiboriloni hawana mwajiri wa kumdai. Likizo yao ni sisi, ndugu na marafiki.

Na baba, kifua chako ni mashine

Kangaruu, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwenye hospitali iliyozidiwa na watoto kuliko mashine za joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliwapima watoto wenye kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali itulie, walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa, asilimia 15.7. Hakuna umeme, hakuna kifaa cha kuagiza nje. Ngozi tu.

Na mapacha ni wawili. Mama anaweza kuwabeba wote, lakini anachoka, ana kidonda, ana usingizi. Kaka, fungua shati. Kifua chako kina joto lile lile. Picha ya mwanaume mwenye njiti kifuani ingekuwa na heshima kuliko zile za vidole viwili, na hiyo mimi nitalaiki mara ya kwanza.

Mastaa, mtusaidie kidogo

Hakuna anayewadai siri za wodi. Ila ninyi mna macho ya mamilioni. Mkiposti tumbo, ongezeni mstari mmoja tu: nilianza kliniki wiki hii, nilipimwa kondo, nilijifungua wiki hii, watoto walikaa wodini siku kadhaa. Doris Mollel, aliyejulikana kwanza kwenye mashindano ya urembo na mwenyewe alizaliwa njiti, ameanzisha taasisi na kulifanya neno njiti liongelewe bila aibu nchi hii. Mmoja akifanya hivyo tumeona matokeo. Kumi je?

Na sisi wa kwenye komenti, tukiona ile picha tena, tupongeze, halafu tuulize: "Umeshapima kondo dada? Utajifungulia wapi?" Wataona tunaleta umbea. Acha waone hivyo. Umbea wa namna hiyo una faida.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliozaa mapacha, na nyie mlio mapacha: mama aligundua mko wawili mimba ikiwa na wiki ngapi? Na aliyekuwa anakaa juu mlimani, alishuka vipi? Andikeni hapo chini, kuna mtu mwenye tumbo la miezi mitano anasoma.